Jiko Jipya la Kinyozi

Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa sababu ya cherehani yake na zaidi kwa sababu ya mdomo wake. Fundi huyu alikuwa na pua ya kunusa mambo. Mteja akilalamika kwamba gauni limesinyaa kwa kufuliwa, yeye alishaona ni nani aliyenenepa.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole wa maneno machache. Kila mwaka alifunga kibanda chake, akabeba hema na begi la mgongoni, akaenda kuvuka mlima peke yake kwa siku kadhaa, akilala popote giza lilipomkuta. Sindano hakuwahi kutaka kumfuata. Alale chini na kitanda anacho? Aka!

Basi siku moja yuko nyuma ya pazia anashona, akamsikia mumewe anaongea na rafiki kwenye simu, furaha imemjaa: "Ndugu yangu, nimepata jiko! Dogo, jepesi, halina kelele. Lile la zamani limenichosha. Zito, na kuwaka kwake mpaka ulibembeleze! Hili nakwenda nalo mlimani."

Mungu wangu! Mkasi ulimtoka mkononi. Nani asiyejua mwanamume akisema amepata jiko ana maana gani? Na hilo zito la zamani ni nani, kama si yeye?

Hakufoka. Alitaka kumfumania. Wakati wa kula akatangaza, "Safari hii twende wote."

Kinyozi akaacha kutafuna. "Wewe? Mlimani?"

"Kwani kuna mtu utamkuta huko?"

"Hapana, mke wangu. Karibu tu."

Hapana hiyo ilikuja haraka mno, na Sindano hakuipenda hata kidogo.

Wakaondoka. Kwenye duka la mwisho kabla ya mlima, mwenye duka, mwanamke wa makamo, akacheka: "Kinyozi leo umekuja na mwenzio!" Sindano akamkagua kuanzia viatu hadi kilemba. Mdogo? Mwepesi? Vyote viwili, mshenzi huyu! Njiani mume akigeuka nyuma, anamtafuta nani? Akipiga mluzi, anamwita nani? Usiku walikula mkate wa dukani tu, na hemani Sindano alijifanya anakoroma, masikio wazi.

Siku ya pili wakafika pale njia inapopenya kati ya vilele viwili, upepo unakata mashavu. Waliposimamisha hema, kinyozi akatoa begini kitu kidogo cha chuma, akakikunjua miguu, akakifunga kwenye mtungi wa gesi, akawasha, akateleka maji ya chai.

"Lione jiko langu," akasema, anatabasamu mpaka magego yanaonekana. "Halina kelele!"

Sindano akakaa chini palepale. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea.

"Una nini, mke wangu?"

Akamweleza yote. Kinyozi akaangua kicheko. "Mimi niongeze mke? Nani atanitaka na kitambi hiki?" Halafu kicheko kikamkatika. "Yaani umepanda huku kote ukiamini nimeoa?"

"Ndiyo."

"Na ungemkuta, ungefanya nini?"

"Ningegeuka nikaondoka. Tangu jana naikariri njia, kila jiwe na kila kijito, ili niweze kushuka bila wewe."

Maji yakachemka, yakafurika. Kinyozi alikuwa anamtazama mkewe, na hakunyoosha mkono kuyaepua.