Birika la Bonasi

Hiram alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu, akikosa wanafunzi wa kudharau, aliihamishia dharau yake kwa watu wote wa kijiji chao cha Bahati. Kilichomkera zaidi ni mahali walipoweka pesa zao. Sacco ya maziwa, chama cha akiba na mikopo cha wafugaji, ambamo mkewe Wachuka aliweka akiba kila mwezi, aliiita kibubu chenye mwenyekiti.

"Asilimia saba! Hiyo ni riba ama ni sadaka?"

"Haba na haba hujaza kibaba," Wachuka alimjibu.

"Kibaba ni cha kuku, Mama Sue. Mimi nataka gunia."

Basi huyo mtaka gunia alikuwa na daftari. Kila benki ya Nakuru mjini ilikuwa na ukurasa wake: riba, makato, na zawadi ya kufungua akaunti. Alifungua akaunti hapa, akafunga pale, na faida yake yote ilikuwa mwavuli, kalenda tatu na shilingi elfu moja aliyoifuata kwa nauli ya mia sita. Hiyo nauli haikuandikwa daftarini. Ni ajabu jinsi wajuzi wa hesabu wanavyojua cha kutoandika.

Mwaka jana akaipata benki ya ndoto zake. Laki sita zikae mwaka mzima, riba asilimia kumi na mbili, na papo hapo apewe bonasi ya shilingi elfu tano na birika la umeme. Akizitoa kabla ya wakati, riba yote inapotea na zawadi inarudishwa. Akatia sahihi huku akimwonea huruma karani. Birika akaliweka kabatini sebuleni, wageni walione. Kulitumia kuchemsha maji hakuthubutu, maana stima ni ghali.

Ikiwa imebaki miezi miwili, mdogo wake Lewis akaja. Alikuwa anahamia Eldoret na kuuza kipande chake cha shamba, kile kile walimozikwa baba na mama yao.

"Laki sita na nusu, bro. Nimeanza na wewe juu ya wazee. Lakini siwezi ngoja kupita mwisho wa mwezi."

"Pesa yangu iko fixed. Ngoja miezi miwili."

"Siwezi."

"Basi tafuta mnunuzi. Hapa Bahati nani ana laki sita na nusu? Hawa watu wa sacco?" Hiram akacheka mpaka akakohoa.

Lewis alipoondoka, Wachuka akasema, "Toa hizo pesa, Baba Sue. Mama yako amelala pale."

"Nipoteze elfu sabini na mbili? Lewis atarudi akibembeleza. Utaona."

Kesho yake Wachuka alifunga kitambaa kichwani akaenda ofisi ya ile sacco ya maziwa.

Lewis hakurudi. Mwezi ulipoisha, Hiram akamkuta Sitati, yule anayekusanya maziwa kwa pikipiki, akichimba mashimo ya ua kuzunguka kile kipande.

"Ni nani amekuandika kazi hapa?"

"Hakuna, mwalimu. Ni yangu. Nilikuwa na akiba ya laki mbili na elfu ishirini, sacco ikanipea loan mara tatu ya hiyo akiba."

Ulimi wa Hiram ulikuwa umezoea kazi moja tu. "Na ni mjinga gani alikuwekea dhamana?"

Sitati akainamia shimo lake. Aliyejibu alikuwa nyuma yao, na thamosi ya chai mkononi.

"Ni mimi," Wachuka akasema. "Mtu wa Lanet alikuwa anataka kujenga nyumba za kukodisha hapa. Angemwagia mama yako simiti. Sitati ameapa hatagusa makaburi."

Kikombe cha kwanza alimmiminia Sitati.

"Ukitaka kuwaona wazee, mwalimu, kuja tu," Sitati akasema kwa upole. "Bisha hapo kwa geti nikishaliweka."

Upole ule ulimuuma Hiram kuliko tusi.

Ile miezi miwili ya benki ilipotimia, riba yake iliingia, ikiwa imekatwa kodi ambayo mjuzi wetu hakuipigia hesabu. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mama yake. Akasimama nje ya geti jipya, akapiga hodi, akapiga tena. Sitati alikuwa amepeleka maziwa, na geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli.