Vitambaa vya Karatasi

Mama alipokuja kututembelea Birmingham, baridi ilikuwa imeshaanza kung'ata, lakini baridi siyo iliyoninyima raha. Binti yangu, ambaye alizaliwa hapa na wakati huo alikuwa na miaka tisa, anaelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Kiingereza cha Mama ni salamu na kwaheri. Basi kila neno kati yao lilipitia kwangu. Nilikuwa mkalimani mezani, mkalimani kwenye ngazi, mkalimani hata mlangoni mwa choo. Nikitoka kwenda kazini hospitalini, nyumba yetu ya Kingstanding ilibaki kimya, mmoja na katuni zake, mwingine na chai yake. Niliogopa kwamba Mama angerudi Kenya mwaka mpya ukianza, na wawili hawa wangeagana kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta.

Desemba hiyo binti yangu alishikwa na wazimu wa kadi za Krismasi. Shuleni kwao kila mtoto huwapa wenzake kadi kabla ya kufunga, na yeye alitaka za kutengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimempatia kimashine cha mkono kutoka duka moja la mitumba kule Harborne, karibu na kazini. Unaweka karatasi juu ya chuma chembamba chenye makali, chenye umbo la chembe ya theluji, unavibana katikati ya vibao viwili vya plastiki, kisha unazungusha mpini. Vinapita kwenye rola vikilalamika, na upande wa pili theluji inatoka imekatika. Tatizo ni matundu. Theluji ile ilikuwa na matundu madogo madogo kila mahali, na za binti yangu zilichanika hapo hapo, akawa ananuna kutwa. Pakiti ya karatasi nzito nyeupe, ile nzuri inayometameta, tuliiweka tuitumie Jumamosi, nikiwa nyumbani.

Mama alikuwa akitazama haya yote kutoka kwenye kochi, sindano yake ya kufumia vitambaa mkononi. Kama hujawahi kuingia sebule ya mama wa Kenya wa rika lake, sijui nikuelezeje vitambaa. Kila mgongo wa kochi una chake, kila mkono wa kochi, meza, redio, runinga. Kwake yeye, kochi lisilo na kitambaa ni kama mtu aliyetoka nje bila nguo. Makochi yangu yako uchi, na tangu afike alikuwa akiyatazama kwa huruma bila kusema neno. Uongo. Alisema, tena mara nyingi.

Alasiri moja nikamchukua mtoto shuleni, tukafungua mlango, tukasimama. Sebule nzima ilikuwa nyeupe. Theluji za karatasi zilikuwa zimebanwa kwa pini kwenye migongo ya makochi na mikono yake, zimetandikwa juu ya runinga, chini ya bakuli la sukari, hata chini ya kile kisanduku cha intaneti. Mama alikuwa katikati, mikono kiunoni, uso unang'aa.

"Haya," akasema. "Sasa hii ni nyumba ya watu."

Binti yangu aliiona pakiti tupu mezani. "Mum, she's used all of it!" akalia, akapanda ngazi mbio.

"Kwani nimefanya nini?" Mama akauliza. "Si nimewapambia?"

"Mama, hivyo si vitambaa. Ni theluji. Ni za kadi zake za shule."

"Theluji ina matundu?"

Hakuwa ameiona, maskini. Mwaka huo tulipata mvua tu. Nikaangua kicheko huku nimekasirika, maana nilikuwa nimesimama wodini tangu alfajiri. Kisha nikaona vidole vyake vinaanza kuchomoa pini, moja moja, na ule mng'ao umemtoka usoni. Kicheko kikaniishia.

"Mwambie pole," akasema. "Mwambie Shosho, bibi yake, hakujua."

"Mwambie wewe, Mama. Mimi nimechoka kubeba maneno ya watu."

Nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikabandika chai ambayo hakuna aliyeiomba. Nikasikia sauti yake chini ya ngazi: "Mtoto wangu, pole. Njoo uchukue theluji yako." Halafu vishindo vidogo vikishuka. Nikatega sikio mlangoni bila haya. Pini zilikuwa zinadondoka kwenye kibakuli, tii, tii, kwa muda mrefu, kisha zikanyamaza. Nadhani ndipo binti yangu alipoishika moja akaona haijachanika popote.

"How did you..." akaanza, akakwama. Mkalimani hakuwepo. Akaanza upya, polepole, kama anavyovuka barabara kubwa: "Shosho, ulifanya aje?"

"Njoo nikuonyeshe."

Unaipitisha mara mbili, Mama akamweleza, kwenda na kurudi. Kisha unasukuma vile vipande vidogo kwa ncha ya sindano, taratibu, usivute. Mtoto akauliza tena, akajibiwa tena. Nilikaa jikoni mpaka chai ikapoa, nikalia kidogo juu ya sinki. Nilikuwa na furaha mno, sikujua pa kuiweka.

Darasa zima lilipata kadi za buluu zenye theluji nyeupe, nyingi zikiwa na matundu mawili ya ziada, ya pini.

Mwaka mpya Mama akarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata nikawa napiga sebule mashine ya kufyonza vumbi, nikaona theluji moja bado imebanwa kwenye mgongo wa kiti alichopenda kukalia. Ilikuwa imeanza kujikunja pembeni. Nikanyoosha mkono niitoe.

Binti yangu alikuwa amelala kifudifudi zuliani akitazama katuni zake. Hata hakuinua kichwa.

"Usitoe hiyo, Mum. Ni ya Shosho."

Nikazima mashine, nikajifanya sijasikia, ili arudie.