Ludovika wa Mfaranyaki na redio inayosikia huku inasema

Kitendawili! Tega. Basi sikia: mgeni wangu hupita juu ya bati bila kubisha hodi, na nikimsalimu kwa heshima zote ananiacha nasalimu upepo.

Umeshindwa? Toa mji. Ila usitoe Songea, huo una wenyewe, na mmoja wao amesimama sasa hivi uani kwake Mfaranyaki akimsubiri mgeni huyohuyo.

Ni saa kumi na moja jioni. Ludovika Komba, fundi redio, ameshika bomba la plastiki lililofungwa vipande vya futi ya chuma, ile ya maseremala. Hiyo ndiyo antena yake, kaiunda mwenyewe. Mkono wa pili una redio kama zile za walinzi, nzito, imechubuka pembe zote. Masikioni ana visikilizio vya simu. Uso kaelekeza magharibi, upande wa barabara ya Mbinga.

Mgeni anayesubiriwa ni satelaiti. Huokota sauti za watu wenye leseni ya redio ya ridhaa, wale wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, na kuzimwaga nchi nyingine. Lakini haina subira. Huchomoza, hupita juu, huzama nyuma ya milima ya Matogoro kabla chai haijapoa kikombeni.

"Leo mji upo?" anauliza mama yake, Bibi Benigna, kutoka mlangoni mwa jiko.

Macho ya bibi huyu yamefifia, lakini vidole vyake vinachambua majani ya maboga kama vinaona. Vitendawili ndiyo starehe yake. Basi kila binti yake anapotoka uani na antena, humuuliza kama anayedai haki ya mtegaji: umepewa mji gani? Na tangu mwaka jana jibu limekuwa lilelile: "Hakuna mji, mama."

Leo Ludovika hataki kulirudia. Redio aliyoshika imekula nguruwe.

Nguruwe huyo alikuwa wa mwisho bandani, na mume wake, Aidani, alimnenepesha kwa ajili ya bati la jiko. Paa la jiko linavuja, na mvua za Februari hazina utani. Aidani alikubali auzwe kwa maneno machache tu: "Nenda kanunue. Lakini ukikosea, mke wangu, tutapikia mwavulini."

Ludovika alianza ufundi akiwa msichana, kwa kufungua redio ya baba yake na kuifunga tena mabaki mawili yakiwa mezani. "Ikalia vizuri kuliko mwanzo," anasema, huku akicheka. "Yale mabaki mpaka leo sijui yalikuwa ya nini."

Siku hizi kibandani kwake anatengeneza redio za wakulima, spika za kwaya, na kuchaji simu kwa shilingi mia tano. Mambo ya satelaiti aliyapata kwa Salum, fundi majenereta wa Tunduru, aliyepita kununua vipuri na kumkuta akipiga mluzi juu ya redio iliyopasuka. Salum alikuwa na leseni. Alimweleza, akamtia moyo, na Ludovika alipofanya mtihani na kupata leseni yake, akamtumia kwa basi redio ya kuazima.

Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mtu wa huku hamwendei mwenzake na shida mkononi. Kwanza salamu. Unauliza nyumbani, unauliza wazee, unauliza watoto, unauliza mashamba, mwenzako anajibu na kukuuliza wewe, ndipo mnaanza mazungumzo. Ludovika alilelewa hivyo. Kwa hiyo satelaiti ilipochomoza, alibonyeza kitufe na kusalimia kama anavyojua.

"Hamjambo huko? Habari za nyumbani? Wazee hawajambo? Watoto je? Habari za mashamba?"

Akaendelea hivyo mpaka salamu zote zikaisha, ndipo akaachia kitufe asikilize. Kimya. Mgeni alikuwa ameshazama Matogoro.

Kesho yake akasalimia tena, kwa adabu zaidi, akidhani pengine hawakupendezwa. Majirani wakaanza kumchungulia uani. "Mama Severina, malaika hawajambo?" mmoja alimtania kwa jina la bintiye. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Akabadilisha waya, akapima futi upya, akailaumu redio, akailaumu milima.

Salum ndiye aliyempigia simu, akicheka hadi sauti inakatika.

"Dada Ludo, wallahi nilikuwa nasikiliza huku Tunduru. Unasikika kama uko chumbani kwangu! Watu wanakuitikia mpaka wanachoka. Kuna mzee wa Lubumbashi kakuita, kakuita, wewe uko kwenye mashamba!"

"Mbona mimi sikumsikia?"

"Utamsikiaje? Redio hiyo ukiisemesha, inaziba masikio. Na satelaiti inabeba msemaji mmoja kwa wakati. Ulikuwa umekaa mlangoni, dada, hakuna aliyeweza kupita."

Ludovika anasema alikaa chini palepale kibandani. "Niliona aibu, lakini furaha ilizidi. Kumbe nilikuwa nafika! Mtu kaniitikia kutoka Kongo, na mimi nimemfungia masikio. Nikasema sitakufa kabla sijamsikia yule mzee."

Salum akaitaka redio yake, akaipata kwa basi lilelile. Ndipo nguruwe akatoka bandani.

Dukani kwa Ibra, mjini, zilikuwepo mbili zinazolingana na mfuko wake. Moja mpya, ina skrini ya rangi, tochi na mkanda wa kuvaa shingoni. Nyingine ilishatumika na watu, kitufe kimelegea, betri imevimba.

"Mama, chukua mpya," Ibra alimsihi. "Hiyo ya pili imechoka kuliko godoro la gesti. Nimeiweka nizuie karatasi zisipeperuke."

Ludovika hakuitazama skrini. Alimpa Ibra redio nyingine ya dukani. "Toka nayo barazani, baba. Nitakupa njia ya kusemea, mimi nitasemea nyingine. Ongea tu, usinyamaze."

"Niongee nini?"

"Chochote. Taja bei zako."

Ibra akasimama barazani akitaja bei za betri, nyaya na vichwa vya chaji. Bodaboda wawili wakasimama wakidhani ni mnada. Ndani, Ludovika akaishika ile mpya, akabonyeza na kusema. Sauti ya Ibra ikafa papo hapo. Akaachia, ikafufuka. Akaiweka chini.

Akaichukua ile kuukuu na kuweka kisikilizio sikioni. Akabonyeza, akasema, "Ibra, acha kuwapandishia watu bei." Na huku akisema, akamsikia Ibra bado anataja bei, wazi kabisa, bila kukatika.

"Nipe hii," alisema.

"Mama, hiyo ni mbovu!"

"Kitufe nitakitengeneza. Betri nitabadilisha. Huo ni ubovu wa kuupata, ndiyo kazi yangu. Lakini redio iliyozaliwa haisikii ikisema, hiyo hata mimi siiwezi."

Ibra alimwongezea mkanda wa shingoni bure, kwa kumwonea huruma.

Na leo ndiyo leo. Aidani ameegemea banda tupu, mikono nyuma. Majirani wako kwenye ua wa mabua, hata yule wa malaika.

Mvumo wa satelaiti unaingia masikioni. Ludovika ananyanyua antena, anabonyeza, na ulimi unakwenda wenyewe kwenye njia yake ya zamani. "Hamjambo hu..."

Anajisikia. Sauti yake mwenyewe inamrudia kutoka juu, na chini yake kuna sauti ya mtu inayojaribu kupenya. Anaachia kitufe kama amegusa kaa la moto. Yule mtu anamaliza. Ludovika anatoa herufi na namba za leseni yake, kisha neno moja tu: "Songea."

Kisha anasikiliza, antena ikigeuka polepole kumfuata mgeni angani.

"Vipi?" Aidani anauliza.

"Mji?" anauliza Bibi Benigna.

"Lubumbashi!" Ludovika anapiga kelele. "Mama, nimepewa Lubumbashi!"

Vigelegele vinapasuka uani. Aidani anampokea antena mkewe na kuinyanyua juu kama kombe la mpira. "Nguruwe amelia Kongo!" anatangaza, na hakuna anayecheka kumshinda yeye. Bibi Benigna peke yake ndiye amekunja uso.

"Umempa jina na mji, basi? Hata habari za nyumbani hujamuuliza? Mimi ndiye niliyekulea hivyo?"

"Mama, ndiyo sheria ya huko juu. Wengi wanasubiri."

"Sheria gani hiyo isiyo na shikamoo!"

Satelaiti hiyo huzunguka dunia na kurudi jioni hiyohiyo, mara hii ikipita chini zaidi upande wa magharibi. Wakati wa kuisubiri, Ludovika anaeleza mpango wake: kuwafundisha wasichana wa sekondari kuunda antena za futi, kila mmoja apate mji wake. "Waanze kwa kusikiliza," anasema. "Mimi nilianza kwa kusema."

Jua linagusa miti. Mvumo unarudi. Safari hii Ludovika anachomoa kisikilizio kimoja na kukiweka sikioni mwa mama yake, na wawili hao wanasimama bega kwa bega. Anaita kwa ufupi. Hakuna mwingine hewani. Sauti ya mzee inakuja, nzito, ya taratibu.

"Mama Songea! Ni wewe ule mama ya salamu?"

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ulituuliza mwaka jana, tukashindwa kupita. Sasa sikia, mama: nyumbani ni muzuri, wazee wako, watoto wako. Na mashamba, mvua imenyesha sana, mahindi inatoa ndevu."