Makovu Yaliyodhaniwa Chale

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya hapa Kalemie, sista mkuu wa wauguzi hakunipa sindano wala kipimajoto. "Leo utawatoa ndugu nje, basi," aliniambia. "Mgonjwa hasemi ukweli mbele ya shemeji yake." Nilifanya hivyo mpaka jioni, huku mashangazi wakinitukana. Baadaye nilitumwa kwenye zahanati ya Niemba, kisha Kirungu, ambako baridi ilituletea wazee wengi wenye viungo vinavyouma. Mungu alinijalia wakubwa wavumilivu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, nikiwa nimerudishwa Kalemie, aliletwa Mama Chantal, muuza vitenge. Zamani alikuwa mnene, na kwetu unene wa mfanyabiashara ni heshima. Alipokonda, soko zima lilinong'ona. Sasa tumbo lilimwaka chini ya kifua, akisimama anayumba, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Choo cha namna hiyo ni damu iliyovujia tumboni.

Wifi yake, Mama Bea, kiongozi wa kikundi cha sala, alinionyesha makovu madogo yaliyotawanyika tumboni.

"Angalia, Mama. Chale za wembe njo hizi. Alienda kuchanjwa dawa kwa mufumu, sasa shetani anamukula."

Mama Chantal aligeukia ukutani. Daktari wa zamu aliyatazama makovu, akaniambia taratibu, "Mama, watoe ndugu."

Walipotoka, alimuuliza mgonjwa alipasuliwa wapi.

"Dokta, wifi akijua, nitakufa kwa aibu."

"Usiposema utakufa kwa damu, Mama."

Ndipo akasema. Alisafiri nje ya nchi, akakatwa tumbo kupitia matundu madogo, ndiyo yaliyoacha makovu yale, likabaki dogo, likaunganishwa na utumbo, ili apungue na magoti yapumzike. Lakini magoti yaliendelea kuuma, na kila siku Mama Bea alimnunulia ibuprofeni.

Daktari alitueleza: baada ya upasuaji huo, tindikali ya tumbo hufika kwenye utumbo usioumbwa kuistahimili, na pale tumbo lilipounganishwa na utumbo kidonda huweza kutokea. Ibuprofeni, diklofenaki na sigara huongeza hatari hiyo; parasetamoli haiongezi. Nilimtundikia maji, nikampa dawa ya kupunguza tindikali.

"Itabidi tutafute damu," alisema daktari. "Na anayekununulia vidonge lazima ajue."

Mama Chantal alilia kidogo. Kisha akasema, "Mumuite."

Mama Bea alisikiliza yote amesimama.

"Ule mwezi ulisema unaenda kuchukua vitenge?"

"Njo huo, wifi."

"Kumbe mimi nafunga, nakemea shetani, na shetani njo miye na vidonge vyangu."

Mama Chantal alicheka huku ameshika tumbo. Mama Bea alifungua mkoba, akaniwekea vidonge kiganjani, kisha akakunja mkono wa blauzi na kumuuliza daktari kama damu yake itafaa. Ilifaa.

Sasa nimestaafu. Kwa vijana wauguzi nasema hivi: aliyepasuliwa tumbo ili apungue aseme kila anapotibiwa, maisha yake yote, nasi tumrahisishie kusema. Juzi, baada ya misa, muuza dawa mmoja alimpa Mama Chantal kidonge cha magoti. Mama Bea alikirudisha.

"Huyu wifi yangu alikatwa tumbo. Umupe parasetamoli."

Watu walikuwa wengi pale mlangoni pa kanisa, na wote walisikia. Mama Chantal hakuinamisha uso. Alinyoosha mkono, akangoja parasetamoli yake.