Ukuta wa Kubeba

Kaka yangu Pantaleo hanunui sufuria bila kuigonga. Anaishika ukingo kwa mkono wa kushoto, anaipiga kwa kidole cha kati, anatega sikio. "Hii nyepesi, haifiki Krismasi," atasema, na kweli haifiki. Miaka ishirini tunauza vyombo Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, na sijawahi kumwona akikosea. Tatizo la mtu asiyekosea kwenye sufuria ni kwamba anadhani hawezi kukosea popote. Mimi ni mdogo wake, Leticia, na msinione namsema, kwenye hili nami nimo.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja. Chini ni duka letu, tumepanga. Juu anakaa mwenye nyumba, Bi Sabaha, mjane wa Mzee Shomari. Huyo mzee alikuwa mwashi, mtu wa Kilwa, na nyumba ile aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, akipata mfuko wa saruji anapandisha, akikosa anangoja. Alikufa sisi tukiwa wapangaji wake. Mwaka huu magoti ya Bi Sabaha yakazigomea ngazi, akaamua kuuza ahamie Kigamboni kwa binti yake. Akatuita sisi kwanza.

"Nyie ni wanangu," alisema. "Siwezi kumpa mtu baki kabla yenu."

Furaha ya kaka yangu, we acha tu! Tangu tumetoka Rombo hatujawahi kuwa na hata tofali moja la kwetu hapa mjini. Alikwishapanga chumba cha mama yetu, alikwishachagua pazia. Lakini mtu wa Kariakoo hanunui kitu bila kukiponda kwanza, hata kama moyo umeshakufa kwa kukipenda. Na cha kuponda kilikuwepo. Kule juu, chumbani kwa Bi Sabaha, kulikuwa na ufa umeanzia pembeni mwa dirisha ukashuka mpaka sakafuni, unaingiza kidole.

"Nyumba yako imechoka, Bi Mkubwa," Pantaleo alimwambia.

Yule mama akaona haya kana kwamba amekutwa na kanga iliyochanika. "Ni marehemu huyo," alisema. "Nilimwambia, baba, ongeza saruji. Akasema inatosha. Mwashi mzima, kwake mwenyewe anabania! Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba na kuziba, kila masika unarudi. Mungu amsamehe, aliniachia kazi mbovu."

"Amrehemu," alisema Pantaleo. "Ila kweli, saruji alibania."

Dalali ndiye aliyempa wazo la injinia. Alimwambia, mzee, lete mtu wa kukagua, aandike makosa yote ya nyumba kwenye karatasi, bei itashuka yenyewe. Basi akaja Joyceline, binti mdogo mwenye kofia ya plastiki na kinyundo kidogo. Alipoanza kugonga kuta huku ametega sikio, kaka yangu alinipiga kiwiko. "Leti, huyu anajua kazi," alininong'oneza.

"Baba, niandike nini na nini?" Joyceline alimuuliza.

"Andika yote, mwanangu. Usibakize. Na usome kwa sauti, Bi Mkubwa naye asikie."

Nakwambia, maneno haya aliyasema kwa mdomo wake.

Joyceline akazunguka nyumba akiandika, kisha akasoma. Sebuleni kuna nyufa nyembamba za plasta, hizo si kitu, plasta ikikauka hupasuka, ni za kupaka rangi tu. Chini ya ukuta wa uani kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini, ndiyo maana rangi inabanduka, dawa yake ipo. Msingi haujatitia, maana yake nyumba haijazama upande wowote. Pantaleo uso ukaanza kumporomoka, kwa sababu nyumba ilikuwa inasifiwa badala ya kupondwa.

"Na saruji?" aliuliza. "Saruji si alibania?"

"Nani kasema?" Joyceline alishangaa. "Baba, mimi nimekagua nyumba nyingi hapa Kariakoo. Aliyejenga hii alikuwa fundi. Zege lake mpaka leo nyundo inaruka."

Bi Sabaha alikuwa amekaa kitandani. Akauliza polepole, "Sasa huu ufa, mwanangu, umetoka wapi?"

"Huu si wa plasta, mama. Tazama, umeshuka kama ngazi, unafuata maungio ya matofali. Ufa wa namna hii unasema kitu cha chini kimeondoka. Ulianza lini?"

"Mwaka niliorudi Makka. Wa kumi na moja huu."

Jamani! Nilimtazama Pantaleo, naye akanitazama, kisha akatazama dirishani kama mtu aliyeitwa barabarani.

"Chini ya hapa kuna nini?" Joyceline aliuliza.

"Duka," nilijibu mimi.

Bi Sabaha akasema naye anashuka. Tulimkataza, akakataa kukatazwa. Alishuka ngazi moja moja ameshika ukuta, na mimi kila hatua naomba Mama Maria amfanye achoke arudi juu. Hakuchoka. Ndani ya duka Joyceline akaniomba nisogeze ndoo na mabeseni, nikasogeza. Sakafuni pakaonekana mstari wa saruji ya rangi nyingine, upana wa tofali, toka mlangoni mpaka katikati ya duka. Akainua macho, na juu kule mstari ulikuwepo uleule.

"Hapa palikuwa na ukuta," alisema.

"Wa kugawa tu!" Pantaleo aliruka. "Ulikuwa unagawa fremu mbili. Niliugonga mwenyewe kabla ya kuutoa. Mwepesi!"

"Baba, ukuta wa kugawa unagawa vyumba, ukiutoa nyumba haijui. Huu ulikuwa ukuta wa kubeba. Ghorofa nzima ya upande huu ilikuwa imeukalia. Kwa kuugonga peke yake huwezi kujua." Kisha akamgeukia Bi Sabaha. "Mama, kitanda chako kiko juu ya hewa. Kuanzia sasa hivi usipande tena huko."

Yesu wangu! Miaka kumi na moja. Yule mama amelala pale, ameswali pale, wajukuu wameruka pale sikukuu zote, na sisi chini tunapima masufuria.

Ninachokumbuka ni hiki. Bi Sabaha, mumewe keshakufa, alipokuwa hija, Pantaleo alileta mafundi wawili, wakaubomoa kwa siku moja ili fremu mbili ziwe duka moja pana. Kifusi nilifagia mimi. Aliporudi na tende na maji ya zamzam ya kutugawia, akauliza mbona pamekuwa papana, mimi ndiye niliyemjibu, "Tumepanga upya shelfu tu, Bi Mkubwa." Akaamini, maana hakuwa na mazoea ya kuingia kwa wapangaji wake. Haki ya Mungu sikuwahi kuunganisha ule ukuta na ule ufa. Lakini uongo niliuunganisha mwenyewe, kwa ulimi wangu.

Nilingoja atutukane. Ningeshukuru angetutukana. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akawa anatazama ule mstari sakafuni.

"Kumbe Shomari wangu hakubania," alisema. Kisha machozi yakamtoka. "Miaka yote hii namsema maiti. Kwa majirani, kwa watoto wake. Kila nikipaka plasta namlaumu. Hata kaburini kwake nilimwambia, umeniachia kazi mbovu."

Pantaleo akapiga magoti pale kwenye saruji, mtu mzima wa miaka hamsini na tano. "Mama, nisamehe. Nyumba nitainunua kwa bei uliyotaja mwanzo. Nitaweka boriti, nitaurudisha ukuta."

"Ukuta utaurudisha, hilo la injinia," alisema Bi Sabaha akijifuta na kanga. "Bei tutaongea, hilo la dalali. Lakini mimi nilikwenda kumlaumu, na magoti haya hayanifikishi tena makaburini Kisutu. Utakwenda wewe, Pantaleo. Ukamwambie."

Jioni ileile mirunda ilisimamishwa dukani kushikilia juu, na Bi Sabaha tukamvusha kwa pantoni ya Magogoni mpaka Kigamboni kwa binti yake. Kesho yake tulikwenda makaburini Kisutu, mimi na kaka. Tulilitafuta kaburi mpaka tukalipata. Pantaleo alivua kofia. Akakohoa.

"Shikamoo Mzee Shomari," alisema. "Ule ukuta ulikuwa wa kubeba. Niliutoa mimi."

"Na mimi nilifagia," nikasema.