Weusi Juu ya Sabuni

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, ambao mpaka leo ukinijia najilaumu.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Mpanda. Mimi na rafiki yangu Idi tulikuwa na kamera moja ya video, tumeichangia, tunarekodi harusi. Mwalimu Tekla, aliyefundisha fizikia sekondari, akaniomba nirekodi rangi zinazotokea kwenye sabuni, awaonyeshe wanafunzi wake kwenye televisheni. Nilicheka moyoni, lakini nikaenda.

Alichovya kitanzi cha waya kwenye maji ya sabuni, akakisimamisha dirishani. Utando mwembamba ukatanda ndani yake. Nikabandika jicho kwenye kamera. Sikuwahi kuona kitu kama kile: mistari ya kijani, ya waridi, ya dhahabu, inateremka polepole. Halafu juu kabisa pakawa peusi. Weusi ule ukashuka, ukawa unazila rangi.

Nilishtuka, nikazima kamera palepale. Jumapili iliyotangulia Idi alikuwa ameichukua kwenda Sitalike kurekodi viboko mtoni, na kamera za zamani kama ile yetu ukizielekeza kwenye jua zilikuwa zinaungua ndani, zikabaki na doa jeusi kwenye picha. Sikumuuliza Mwalimu neno. Nikapanda baiskeli mpaka kwa kina Idi.

Nilikuta wazee watatu wa kijiji cha Mwamkulu wameketi na mama yake. Walikuwa wamekuja kupaona kwao Idi kabla ya kumtoa binti yao aolewe na Idi.

"Umeichoma kamera," nikamwambia Idi, hata salamu sijatoa.

"Sijaielekeza kwenye jua hata mara moja."

"Mwongo wewe. Umezoea."

Hilo la umezoea, mwanangu, sijui lilitoka wapi. Idi hakuwahi kunidanganya. Wale wazee wakatazamana. Mmoja akachukua fimbo yake, wakaaga bila kutaja siku ya harusi.

Nikarudi kwa Mwalimu kumwambia kazi imeharibika. Akanisikiliza, kisha akachovya tena kitanzi chake.

"Weka kamera chini," akasema. "Tazama kwa macho yako."

Nikatazama. Rangi zikateremka, na juu pakawa peusi vilevile. Kisha utando ukapasuka.

"Pale juu sabuni imechuruzika, imebaki nyembamba mno. Ikifika hapo hairudishi mwanga. Kamera yako ni nzima, kijana wangu."

Nikapanda tena baiskeli, nikarudi kwa kina Idi kukiri kosa langu.

Mama yake Idi hakunifokea. Alisema tu, "Umemchafua mbele za watu. Kamsafishe mbele ya watu hao hao."

Nikaendesha baiskeli mpaka Mwamkulu, nikapiga magoti mbele ya wale wazee, nikawaeleza habari za sabuni na weusi wake. Mwishowe wakanisamehe, na binti wakamtoa. Lakini Idi aliniachia kamera, hakufanya kazi na mimi tena. Harusi yake aliirekodi mtu mwingine, kutoka Sumbawanga. Mimi nilikaa nyuma na wageni, mikono mitupu.

Basi nakuambia wewe na wenzako, mnaorekodi kila kitu kwa simu na kukisambaza hapo hapo: usimtuhumu mtu kwa jambo uliloliona mara moja tu. Rudi ulitazame tena. Kisha mwite pembeni, umuulize kwa upole. Mimi niliomba radhi nikapewa, ila rafiki sikurudishiwa.

Mungu akupe macho yasiyo na haraka, na ulimi unaoyasubiri. Akutunzie na marafiki zako, mwanangu.