Kikaratasi Chini ya Picha ya Mto

Jumanne, mwezi wa pili. Manyunyu tangu alfajiri, na upepo wa kukata masikio.

Leo mjukuu wangu kafungua rangi zake za maji mezani, na harufu ya brashi mbichi ikanirudisha darasani, Wembley, mwaka ule tuliofika kutoka Tanga. Mimi si mwandishi, mtanisamehe, nitasema nilivyoona.

Mwalimu alitundika nakala za picha za Mwingereza mmoja aliyezunguka India enzi za ukoloni. Zilikuwa nzuri, sitamnyima haki yake: mto kama maziwa yaliyotiwa zafarani, mahekalu, na anga aliloliacha karatasi tupu likawaka lenyewe. Watu tu ndio aliowafanya wadogo kama sisimizi, hawana nyuso. Chini ya mto mwalimu akabandika kikaratasi: "Nyumbani kwa Shirin." Shirin ndiye mimi; babu zangu ndio waliotoka India. Wazazi walialikwa, nami nisimame pale nisimulie habari za kwetu.

Mama alishanionya: "Tumefika juzi tu, mwanangu. Usibishane na wenyeji." Lakini nilipofika mbele, ulimi ulikataa. Nikakibandua kikaratasi.

"Si kwetu huko. Sijafika hata siku moja."

Mwalimu, mtu mpole kweli, aliyenivisha glavu zake mwenyewe wiki ya kwanza, akauliza, "Lakini watu wako si wametoka huko?" Darasa likacheka. Nikamtazama mama, nikijua nitafinywa.

Mama akainuka. Akaisogelea picha, akaikagua kama kitambaa dukani, kisha akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni: "Mwambie picha nzuri, mashaallah. Hata mimi sijafika huko. Kwetu Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi. Na jirani yetu Mama Saumu bado ana sufuria yangu."

"Mama, na sufuria pia?"

"Yote!"

Nikatafsiri yote. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akaniuliza Tanga inaandikwaje.

Ndani ya basi mama aliushika mkono wangu kwa nguvu. "Nyumba wamechukua," alisema, "kwetu hawajachukua." Nilidhani anatafuta joto tu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba nyumba ile ilikuwa imeshataifishwa. Serikali ilikuwa na sababu zake, labda. Wengi hawakuwa na hata chumba. Lakini mama aliitaja mbele ya wageni kana kwamba funguo zimo mkobani.

Jioni tulikula ugali wa semolina, ngano iliyoparazwa, na maharage ya nazi ya pakiti. Baba akasema huu si ugali. Mama akamwongezea.